Jimbo Katoliki la Garissa

Jimbo la Kanisa Katoliki kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilianza mwaka 1976 kama prefektura ya kitume, likawa jimbo kamili 1984 chini ya Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta. Waumini wake, wengi wakiwa walimu, askari na watumishi wa umma kutoka kaunti nyingine, ni wachache mno kati ya Waislamu.

Mkatoliki anayekumbukwa zaidi huku hakuwa padri wala mtawa. Annalena Tonelli, Mwitalia, aliwatibu wafugaji kifua kikuu mjini Wajir. Wagonjwa walikaa manyatta miezi kadhaa, wakimeza dawa huku mhudumu akiwatazama, mpaka wapone. Yalipotokea mauaji ya Wagalla, ambako wanajeshi wa Kenya waliwaua wanaume Wasomali karibu na Wajir, Februari 1984, alikwenda kuokoa majeruhi na kuzika maiti. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, 2003.

Julai 1, 2012, kanisa kuu na kanisa la Africa Inland Church (AIC) mjini Garissa yalishambuliwa, watu 17 wakafa. Viongozi wa Kiislamu waliahidi kwamba vijana wao wangeyalinda makanisa.