Fainali ya Madrid na usiku wa ishirini na saba: Liverpool, Spurs na watu wetu wawili

Kesho Jumamosi, 1 Juni 2019, saa nne kamili usiku kwa saa zetu, Liverpool na Tottenham Hotspur watakutana katika uwanja wa Metropolitano jijini Madrid kuwania ubingwa wa Ulaya. Tangu 2008, Manchester United walipowashinda Chelsea kule Moscow, fainali hii haijakutanisha klabu mbili za Uingereza.

Mimi ni mtoto wa Pwani niliyeletwa bara na riziki. Hapa Kitengela, kuanzia steji ya matatu hadi kwa kinyozi, hadithi wiki hii ni moja tu. Wanaorudi kutoka viwanda vya EPZ kule Athi River wanabishana njia nzima, na huko Kajiado mjini wenye kumbi za kutazamia mpira wameshaanza kupanga viti. Waswahili wa huku tuna sababu mbili zaidi za kuizungumza mechi hii: kila upande una mtu wetu, na kwa tulioanza kufunga Jumanne 7 Mei, usiku huo ni wa kuamkia mfungo ishirini na saba.

Walivyofika Madrid

Liverpool walichapwa 3-0 na Barcelona ugenini katika mkondo wa kwanza wa nusu fainali. Wiki moja baadaye, usiku wa mfungo wetu wa kwanza, waliipindua kwa mabao 4-0 pale Anfield bila Salah wala Firmino. Divock Origi alifunga mawili na Wijnaldum mawili.

Kesho yake Spurs wakafanya yao Amsterdam. Walikuwa wamefungwa 1-0 nyumbani na Ajax, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 2-0. Lucas Moura akafunga matatu kipindi cha pili, la mwisho dakika ya 96, wakapita kwa mabao ya ugenini. Kabla ya hapo waliitoa Manchester City kwa njia iyo hiyo, baada ya VAR kulikataa bao la Sterling dakika za majeruhi.

Watu wetu wawili

Victor Wanyama hahitaji utambulisho. Ni nahodha wa Harambee Stars, mwana wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards, na Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Goti limemsumbua sana, lakini Aprili alirudi na kufunga dhidi ya Huddersfield, kisha akaanza mechi zote mbili za Ajax. Kule Amsterdam alitolewa wakati wa mapumziko ili Llorente aingie, na hapo ndipo mchezo ulipogeuka. Kwa hivyo kocha Pochettino ana swali la kujibu: Wanyama aanze, au asubiri kwenye benchi?

Liverpool hawajamsahau. Februari 2018 alitokea benchi pale Anfield akafumua kombora lililotikisa nyavu, na mechi ikaisha 2-2.

Origi alizaliwa Ubelgiji na anaichezea Ubelgiji, lakini babake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, na ami yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987. Hivyo mwana wa Ingwe na mwana wa ukoo wa K'Ogalo huenda wakakabana koo Madrid. Mashemeji derby imehamia Uhispania!

Madrid yenyewe si ngeni kwa kina Wanyama. Tarehe 22 Mei 2010, Inter Milan ilipoifunga Bayern Munich 2-0 katika uwanja wa Santiago Bernabéu, kakake, McDonald Mariga, alikuwa kwenye benchi la Inter. Alipata ubingwa bila kugusa mpira katika fainali ile. Victor akiingia uwanjani kesho, atakuwa amepiga hatua moja mbele ya kakake.

Nani ana nguvu zaidi?

Hesabu zinaipendelea Liverpool. Katika ligi walipata pointi 97, moja tu nyuma ya mabingwa City, na Spurs walimaliza wa nne kwa pointi 71. Walikutana mara mbili msimu huu na Liverpool wakashinda zote kwa 2-1. Salah na Mane walifunga mabao 22 kila mmoja katika ligi.

Liverpool wana vikombe vitano vya Ulaya: 1977, 1978, 1981, 1984 na 2005. Spurs hawajawahi kufika fainali hii. Lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini? Klopp mwenyewe ameshapoteza fainali tatu za Ulaya, ya mwisho ikiwa ile ya Kyiv mwaka jana, Salah alipotoka analia na bega lake. Upande wa pili, Harry Kane amekuwa nje kwa kifundo cha mguu tangu Aprili. Akianza, atakuwa na kasi ya mechi kweli?

Wakitoka sare kutakuwa na muda wa nyongeza, kisha penalti. Utabiri wangu ni Liverpool 2-1.

Mpira na ibada

Jua la Madrid huzama baada ya saa tatu na nusu usiku kwa saa za huko, na mechi inaanza saa tatu. Mchezaji Muislamu atakayefunga ataingia uwanjani kabla ya kufuturu, ingawa msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Na sisi je? Vijana wananiuliza kama waache tarawehe waende mpirani. Tuhesabu. Huku kwetu Isha huingia kabla ya saa mbili, na misikiti mingi humaliza tarawehe kabla ya mpira kuanza. Mechi ya kawaida itakwisha karibu saa sita, na penalti zikiwepo itasogea hadi saa saba kasorobo hivi. Thuluthi ya mwisho ya usiku, tangu Maghrib hadi alfajiri, huanza kama saa saba na nusu. Anayetaka kusimama kwa ibada na kula daku ana muda. Lakini ajiulize kwa ukweli: baada ya kelele zile, moyo utakuwa wapi? Usiku tunaoutarajia kuwa Lailatul Qadr ni bora kuliko miezi elfu, na matokeo ya mechi hata asubuhi utayakuta. Mimi nitayasoma baada ya alfajiri.

Ambalo halina hesabu ni kamari. Nimewaona vijana wa bodaboda wakiweka mapato ya siku nzima kwenye simu kwa mechi moja, kisha wanakopa mafuta Jumatatu. Mwaka huu wengine wataweka pesa ya nguo za Idi za watoto. Ndugu yangu, Wanyama hakujui na Salah hakujui, ila mwanao anakungoja na viatu vyake. Shabikia bure, raha ni ile ile.

Na filimbi ya mwisho si mwisho wa raha. Juni 21 Kombe la Afrika linaanza Misri, nasi tumerudi kwa mara ya kwanza tangu 2004. Tutacheza na Algeria Juni 23, na Tanzania Juni 27, kisha Julai 1 na Senegal ya Mane. Kwa hivyo hata ukiwa shabiki wa Liverpool, muombee Wanyama atoke Madrid mzima. Siku chache zijazo tutamhitaji sote.