Msuka: neno lililofichika ndani ya mpini

Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu. Mmoja aliandika kuhusu kisu na “ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini”. Nilitabasamu, kisha nikasikitika. Mkia huo una jina, mpenzi msomaji. Unaitwa msuka, na kamusi zetu zinalo neno hilo. Nilipouliza darasa zima, hakuna aliyelijua. Lakini nisiwacheke. Mimi mwenyewe sikulipata darasani. Nililipata Katito, tena kwa damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mvulana wa pale Nyakach. Baba yangu mdogo alikuwa mwindaji wa sungura na kwale, akitembea na mbwa wake vichakani chini ya miinuko ya Nyabondo. Nami nikataka kisu changu. Nikaweka akiba, nikanunua kimoja kwa mchuuzi siku ya soko. Kilimetameta kama kioo! Siku ya kwanza ya kuchuna sungura, mpini ulichomoka, bapa likageuka mkononi, na makali yakanipasua chini ya kidole gumba. Kovu lingalipo.

Baba mdogo alinipeleka kwa mhunzi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Alikipasua kile kipini kilichobaki, akanionyesha kichuma kifupi kuliko pingili ya kidole. “Nyakwara,” akaniambia, “wewe ulinunua mng'ao. Tazama, msuka uko wapi?” Akachanganya Dholuo na Kiswahili cha pwani, na neno likanikaa hadi leo.

Kisha akanifulia kisu kingine kutokana na kipande cha springi ya lori. Msuka wake ulifika mwisho wa mpini, mbao mbili zikabanwa kwa ribiti huku na huku. Bapa halikuzidi upana wa kiganja changu. Nilimuuliza, “Jaduong', mbona kifupi hivi?” Akajibu kwamba kuchuna ni kazi ya ncha na vidole, si ya nguvu. Kirefu ni cha kufyekea.

Somo lake lilikuwa hili. Ukichagua kisu cha porini, usianze na makali, kwa sababu makali hunolewa. Anza na msuka, maana ukiwa mfupi hakuna kinoo kitakachouponya. Ndiyo sababu kisu cha kukunja, hata kikiwa kizuri, hakifai kazi nzito: kiungo chake ndicho udhaifu wake. Halafu, kata ukielekea nje ya mwili wako. Usikifanye mtaimbo wa kubanjulia mifupa. Kikaushe na kukipaka mafuta kabla ya kukirudisha alani, kwani ngozi yenye unyevu huleta kutu.

Maarifa haya yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Katika eneo la Urewe, kule Siaya, ndiko kulikotoka jina la vyungu vinavyohusishwa na wafua chuma wa kale wa ukanda wa Ziwa, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Vyungu hivyo viliandikwa mwaka 1948 na Shemasi Mkuu W. E. Owen pamoja na Mary na Louis Leakey. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walidai mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba wahunzi wa huko walizalisha chuma cha pua karne nyingi kabla ya mkoloni. Wasamia nao walisifika kwa majembe waliyowauzia majirani, Wajaluo wakiwamo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, vyuma vya kigeni vikaanza kuingia kwa wingi. Mhunzi akaacha kuyeyusha mawe, akaanza kufua chuma chakavu.

Lugha nayo ilibeba mizigo yake. Wajaluo huita kisu pala, na Waacholi wa Uganda vilevile, ishara kwamba neno hilo lilisafiri na watu hawa wa jamii moja. Pwani ilipata jambia kutoka Kiarabu, katika neno lenye maana ya ubavu, kwa kuwa huvaliwa kiunoni. Kiswahili chenyewe kikavitaja viungo vyote: ncha, bapa, makali, mpini, msuka, na noleo, ile pete ya chuma inayokaza mpini usipasuke.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sitetei ujangili hata kidogo. Wanyama walikuwa wanakwisha. Lakini mwindaji alipoondoka, aliondoka na msamiati wake, nasi hatukumfuata na daftari. Leo kijana wa mjini hukutana na kisu mahali pawili tu: jikoni na kwenye habari za uhalifu. Mapema mwaka 2008, taifa lilipowaka, Kisumu ikiwamo, panga na kisu vilitajwa kila siku kama silaha. Zana ikasahaulika. Na mtu asiyekijua kisu kama zana, ni nani atamfunza heshima yake?

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sawa, lakini mimi nimekula nyama kwa kisu cha yule mzee zaidi ya miaka hamsini. Mbao za mpini nimezibadilisha mara mbili. Msuka ni uleule.

Basi ombi langu kwa walimu ni dogo. Wapelekeni wanafunzi kwa wahunzi wa jua kali waliobaki, wakiwa na kalamu. Waulize kila kipande kinaitwaje. Wazee hao wakituondoka, kamusi itabaki na neno, lakini hatutakuwa na mtu wa kutuonyesha linakaa wapi.