Umeme wa Nyayo: Historia ya Ahadi Iliyozidi Uzito Wake

Kila baada ya miaka michache huzuka habari ileile magazetini na mitandaoni: kwamba umepatikana utaalamu wa kugeuza nyayo za watembea kwa miguu, mitetemo ya reli na mingurumo ya magari kuwa umeme wa kuwasha taa za mji. Habari hiyo hupokewa kwa furaha, hasa katika nchi ambazo kukatika kwa umeme si jambo la kushangaza. Mwanafunzi huifanya mada ya tasnifu, mwanaharakati huipigia debe kama nishati safi, na ofisa wa serikali huletewa andiko la mradi lililopambwa kwa picha. Makala haya yanaifuatilia historia ya jambo lenyewe tangu lilipogunduliwa, kwa kuwa historia hiyo inaeleza vizuri kuliko tangazo lolote ni kazi gani mitetemo inaweza kutufanyia na ni kazi gani haiwezi.

Mwaka 1880, mjini Paris, Pierre Curie, kijana wa miaka 21, na kaka yake Jacques, aliyekuwa na miaka 24, walichunguza fuwele za madini mbalimbali, ikiwamo kwatzi, lile jiwe angavu linalofanana na barafu. Waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa, chaji za umeme hujitokeza kwenye nyuso zake. Sababu yake imo katika mpangilio wa ndani wa fuwele. Atomu zake hazikupangwa kwa ulinganifu kamili, hivyo fuwele inapobanwa, chaji chanya na chaji hasi husogeana kwa kiasi tofauti, na upande mmoja ukawa chanya na mwingine hasi. Wanasayansi waliuita umeme huo piezo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Mwaka 1881 Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho lazima kiwe kweli, yaani fuwele ikipewa umeme itajikunja au kujinyoosha. Ndugu wale wawili wakalithibitisha hilo maabarani.

Tuangalie matumizi ya kwanza ya ugunduzi huo. Marie Curie alipoanza kupima miale ya urani, alitumia chombo cha kupimia kilichotegemea fuwele ya kwatzi ya mumewe na shemeji yake. Uzito uliojulikana uliivuta fuwele, nayo ikatoa kiasi cha chaji kilichojulikana, na kiasi hicho kikalinganishwa na chaji iliyoletwa na miale. Kwa vipimo hivyo alifika kwenye polonium na radium mwaka 1898. Umeme wa fuwele ulikuwa mdogo mno, lakini ulikuwa wa kuaminika. Tangu siku za mwanzo, basi, thamani ya fuwele ilikuwa katika usahihi wake, wala hapakuwa na mtu aliyetarajia kuwasha taa kwa chombo kile.

Vita Kuu ya Kwanza ilikipa kipimo hicho kazi ya kijeshi. Manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za washirika, na serikali ya Ufaransa ikahitaji njia ya kuzitambua chini ya maji. Paul Langevin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, alibana vipande vya kwatzi katikati ya mabamba ya chuma, akavipa umeme unaobadilika haraka, vikatoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi yalipogonga kitu na kurudi, fuwele ileile iliyasikia na kuyageuza kuwa umeme. Vita viliisha kabla chombo hicho hakijaenea, lakini utaalamu wa kusikiliza bahari ulikuwa umezaliwa.

Katika Vita Kuu ya Pili fuwele ikawa moyo wa redio. Kipande cha kwatzi kilichokatwa kwa unene maalumu hutetemeka kwa kasi isiyobadilika, na kwa hiyo huishika redio kwenye masafa yake. Jeshi la Marekani lilihitaji vipande hivyo kwa makumi ya mamilioni, na kwatzi ya ubora uliotakiwa ilitoka karibu yote Brazil. Hivyo mawasiliano ya vifaru na ndege za kivita yalitegemea jembe na sururu za wachimbaji wa Brazil. Vita vilipoisha, maabara za Marekani ziliendelea na jitihada za kukuza kwatzi ndani ya matangi yenye joto na shinikizo kubwa. Katika miongo iliyofuata, fuwele za kiwandani zikachukua nafasi ya fuwele za mgodini katika redio. Nchi zinazouza madini ghafi zinalijua somo hilo: mnunuzi hutafuta jinsi ya kujitosheleza tangu siku anapotambua kwamba anakutegemea.

Mwaka 1969 una matukio mawili yanayotuhusu. Mwezi Desemba kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi iliyoongozwa na kwatzi. Neno “Quartz” lililoandikwa kwenye uso wa saa nyingi za ukutani majumbani mwetu linatokana na utaalamu huo. Mwaka huohuo Mjapani Heiji Kawai alionyesha kwamba plastiki iitwayo PVDF, ikivutwa na kupitishwa katika nguvu kubwa ya umeme, hupata tabia ya fuwele za ndugu Curie. Kabla ya hapo, vifaa vya piezo vilikuwa mawe au kauri ngumu zinazovunjika. Sasa ukapatikana utando mwembamba unaokunjika, unaoweza kushonwa katika nguo, kubandikwa kwenye bomba au kuwambwa kama ngozi ya ngoma.

Utando huo ndio uliofungua mlango wa ndoto ya kuvuna umeme. Ukitetemeka, hutoa umeme unaogeuka upande huu na huu. Umeme huo hupitishwa katika diodi ili uelekee upande mmoja, kisha hutunzwa katika kapasita. Tatizo ni kwamba utando huvuna vizuri pale tu mitetemo inapolingana na mdundo wake wa asili, kama bembea inayopaa juu ikisukumwa kwa wakati wake na kukwama ikisukumwa ovyo. Mitetemo ya barabara na nyayo za watu hazina mdundo mmoja.

Mwaka 1998 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitia tando na kauri za piezo ndani ya viatu. Vipimo vya kazi yao vinajulikana: soli ya utando ilitoa wastani wa miliwati 1.3 na kisigino cha kauri miliwati 8.4. Kiasi hicho kilitosha kurusha ishara fupi ya redio ya kumtambulisha mvaaji, nao hawakudai zaidi. Lakini betri ya simu ya kisasa hubeba takriban wati-saa 12. Kwa miliwati 8.4, mtu angetembea siku 60, usiku na mchana bila kupumzika, ndipo aijaze mara moja.

Hata hivyo wazo lilikwisha kutoka maabarani na kuingia katika siasa za maonyesho. Mwaka 2006, na tena 2008, shirika la reli la Japani Mashariki lilijaribu sakafu ya kuvuna nyayo katika kituo cha Tokyo. Mwaka 2009 Israel ilijaribu jenereta za piezo chini ya kipande kifupi cha barabara. Mwaka 2012 kijana Mkenya alionyesha jijini Nairobi kiatu cha kuchajia simu. Mwaka 2014 Pelé alikuwapo Morro da Mineira, mtaa wa maskini wa Rio de Janeiro, kuzindua uwanja wa mpira wenye vigae vya kuvuna nyayo za wachezaji kwa ufadhili wa kampuni ya mafuta ya Shell. Mwaka 2015 uwanja wa namna hiyo ukazinduliwa Lagos. Viwanja vyote viwili viliwekewa pia paneli za jua, jambo ambalo vichwa vya habari havikulipa uzito.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo uamuzi wa umma unapopaswa kuanzia. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kigae kinachobonyea milimita 5, kazi anayoifanya ni jouli 3.4 hivi. Tuchukulie, kwa ukarimu usio na mfano, kwamba kigae hakipotezi chochote. Hatua milioni moja zitatoa jouli milioni 3.4, na uniti moja ya umeme ni jouli milioni 3.6. Kwa maneno mengine, watu wakanyage vigae mara milioni moja ili tupate umeme usiofika uniti moja. Paneli ya jua ya mita moja ya mraba, chini ya jua letu la ikweta, hukaribia kutoa kiasi hichohicho kwa siku moja, bila kukanyagwa na yeyote. Iwe kigae kinatumia fuwele, utando au sumaku, hesabu haibadiliki, kwa sababu kikomo kimo katika uzito wa mtu na kina cha kubonyea.

Tena nishati hiyo si ya bure. Sakafu inayobonyea humchosha mtembeaji kama mchanga wa pwani unavyomchosha, na anachokilipa ni chakula alichokula. Barabara inayobonyea huifanya gari ichome mafuta zaidi, na mwenye gari hulipa tozo asiyoiona. Umeme wa namna hiyo huitwa safi kwa sababu tu moshi wake umetokea mahali pengine.

Hayo yote hayaifanyi sayansi ya piezo kuwa hadaa. Kiberiti cha gesi kinacholia “tik” jikoni hutoa cheche kwa kugonga kipande cha kauri ya piezo. Ni mavuno ya umeme yaliyofaulu kabisa, kwa kuwa cheche huhitaji volti nyingi na nishati kidogo sana. Kitambuzi kilichobandikwa kwenye nguzo ya daraja au kwenye mashine inayotetemeka mchana kutwa kinaweza kujilisha kwa utando na kutuma taarifa mara chache kwa siku, mahali ambapo kumtuma fundi abadilishe betri ni ghali au hatari. Hapo miliwati moja ina thamani kubwa, kwa kuwa inaleta habari itakayoliokoa daraja. Miaka zaidi ya 140 ya historia hii inasema jambo moja: fuwele na utando vimetufaa kila tulipovitaka vituhesabie, vitusikilizie na vitupimie, na vimetuangusha kila tulipovifanya mtambo wa kufua umeme.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuitafiti fani hii asikatishwe tamaa. Aanze na madaraja, mabomba ya maji na mashine za viwandani. Na ofisa atakayeletewa andiko la vigae vya kituo cha mabasi aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: ni uniti ngapi kwa siku, zilizopimwa kwa mita na si kwa makadirio? Kila uniti itagharimu kiasi gani hadi vigae vichakae? Na fedha hizohizo zingenunua paneli ngapi, au zingeunganisha kaya ngapi kwenye gridi? Mtaa usio na umeme una haki ya kupewa umeme. Ukipewa onyesho mahali pa umeme, wakazi wake watakuwa wameombwa kukanyaga mara milioni ili mfadhili apate picha.