Amri ya Nne Nyumbani: Kuwatunza Wazazi Wazee kwa Usalama na Heshima

Amri ya Nne ya Mungu, ya kuwaheshimu baba na mama, mara nyingi hufundishwa kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza, kana kwamba inawahusu wao tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokwisha kukua kwamba, kwa kadiri ya uwezo wao, wanapaswa kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Marko sura ya 7, aliwakemea wale walioitangaza mali ya kuwasaidia wazazi kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, wakajiona wamefunguliwa wajibu huo.

Katika Balangdalalu, kama kwingineko wilayani Hanang, wapo vijana waliokwenda kutafuta maisha Katesh, Babati, Arusha na mbali zaidi. Nyumbani amebaki baba au mama, pengine na mjukuu mmoja. Fedha hufika kwa simu, na ni msaada wa kweli. Lakini fedha haziwashi taa usiku wa manane, wala hazimshiki mkono mzee anayekwenda chooni. Heshima kwa mzazi hukamilika katika mambo madogo ya kila siku.

Kuzuia kuanguka

Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena. Hatari kubwa ni usiku, katika njia ya chooni, hasa masika udongo unapoteleza. Sawazisheni njia hiyo, ondoeni mawe na visiki, na fungeni fito ya kushikilia kutoka mlangoni hadi chooni. Mpeni mzee mkongojo imara, viatu visivyolika soli na taa ya sola karibu na kitanda. Ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu, ni kinga. Akianguka na kushindwa kusimama, msimvute wala kumkanda. Mlazeni juu ya ubao au machela, afikishwe hospitali.

Moshi na baridi

Miezi ya Juni hadi Agosti nyanda zetu za juu huwa na baridi kali, na mwili wa mzee hupoteza joto upesi. Mpeni blanketi la kutosha, soksi na uji wa moto. Kamwe msiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala kilichofungwa: mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la kuni nalo lahitaji dirisha au tundu la kutolea moshi, kwa maana moshi huharibu mapafu na macho. Tena, katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu tu ya macho mekundu. Mkristo hashiriki shutuma hizo, wala hanyamazi azisikiapo. Mzee asiyeona vizuri apelekwe kwa mganga wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Chakula, saumu na dawa

Wazee wengi hawasikii kiu hata mwili unapokauka. Mpeni maji mara kwa mara. Pamoja na ugali, apate maharage, maziwa, mayai na mboga zilizopikwa zikalainika. Dawa za shinikizo la damu na kisukari hazikatizwi kwa sababu mgonjwa anajisikia nafuu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakiparaganyika ghafla, hiyo ni dalili ya kiharusi: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo wazee wanaoacha kula wakati wa Kwaresima wakiogopa dhambi. Waelezwe kwa upole: kwa Kanuni 1252 ya Sheria ya Kanisa, wajibu wa kufunga hukoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Vilevile, kwa Kanuni ya 919, wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia wanaweza kupokea Ekaristi Takatifu hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia.

Faraja ya roho

Mzee asiyeweza kufika kanisani bado ni wa parokia. Mwarifuni Paroko ili apelekewe Komunyo. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa haingoji pumzi ya mwisho. Aweza kuipokea muumini anayeanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Jumuiya Ndogo Ndogo isali nyumbani kwake kwa zamu, naye aombwe kuongoza hata fumbo moja la Rozari. Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai. Siku hiyo ianzie kwa jirani aliye peke yake.

Anayemtunza naye ni binadamu

Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja au mkwe. Ndugu wakae kikao, wagawane kazi kwa majina: nani analeta dawa, nani anakata kuni, nani anakuja ili mtunzaji apumzike. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji utaratibu wa matibabu ya wazee wasiojiweza.

Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza tuwe wavumilivu kwa baba hata akili zake zinapopungua. Basi mzazi anaporudia swali lile lile mara ya kumi, ajibiwe kwa upole. Naye alitujibu hivyo tulipokuwa wadogo.