Koti Kwanza, Mkanda Baadaye

Mzazi akija kwenye kibanda changu hapa Bungoma kumtafutia mtoto nguo za judo, swali lake la kwanza huwa la mkanda. Wa njano ni pesa ngapi? Una wa kijani? Koti hulikumbuka mwishoni, na suruali ndiyo husahaulika kabisa. Mimi ni fundi wa cherehani, si mwalimu wa judo, lakini nguo hizo nimezikata, nikazishona na kuzitia viraka hata nikataka kujua zilikotoka. Nilichokuta ni kwamba mkanda wa rangi, huo unaogombewa dukani, ni miongoni mwa wadogo wa ukoo mzima.

Judo ilianzia Tokyo mwaka 1882. Jigoro Kano, kijana wa miaka 21, alipata chumba katika hekalu la Eishoji, akatandika mikeka 12 na kuanza kufundisha wanafunzi wachache. Mwaka uliofuata aliwapandisha wawili kati yao, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, akawapa dan, yaani daraja, ya kwanza. Hesabu hiyo ya dan aliiazima kwenye mchezo wa go, ule wa kete nyeusi na nyeupe ambao Wajapani walikuwa wakiwapanga mabingwa wake kwa ngazi tangu zamani. Viunoni mwa Saigo na Tomita hamkubadilika kitu. Miaka michache ikapita ndipo Kano akaanza kuwafunga mkanda mweusi waliofikia dan, na wengine wakabaki na mweupe. Kwa hiyo ile hadithi ya vijiweni, kwamba mkanda ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa jasho na kutofuliwa, ni porojo. Mkanda usiofuliwa hunuka tu.

Koti nalo lilikuwa na safari yake. Picha za wanafunzi wa mwanzo zinaonyesha mikono inayoishia karibu na kiwiko na suruali fupi iliyoacha magoti wazi. Viwiko na magoti vilichubuka mikekani. Karibu na mwaka 1907 mikono na miguu ya vazi ilikuwa imerefushwa, na umbo hilo ndilo tunaloshona mpaka leo.

Hapa sharti fundi aseme neno lake. Katika judo nguo ni chombo cha kazi. Katika mieleka ya wachungaji wa huku kwetu mtu hushikwa kiunoni na mguuni, na shati huvuliwa kwanza lisije likararuka. Mwanajudo hushika kola kwa mkono mmoja na mkono wa koti kwa mwingine, akavuta, akageuka, akamwangusha mwenzake. Koti likikatika, hakuna mtupo. Ndiyo maana nguo ya karate haifai hata kidogo, ingawa zote mbili ni nyeupe na kwa mbali zinafanana. Ile ya karate ni nyepesi, kwa kuwa kazi yake ni kumpisha mtu apige teke.

Ushonaji niliujulia Kitale, kwenye baraza la duka la Mhindi wa vitambaa. Reli ilifika mji ule mwaka 1926, ikabeba mahindi ya walowezi na kuleta marobota ya nguo, na mafundi wa cherehani za miguu wakapanga safu nje ya maduka. Tulishona kaki za shule, maovaroli ya mashambani, na merikani kwa kila kazi. Merikani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho mababu wa pwani walikipokea kutoka Salem, Marekani, tangu miaka ya 1830. Filamu za Bruce Lee zilipofika huku bara, baada ya mwaka 1973, vijana walianza kutuletea merikani wakitaka suti za kupigania. Hawakutofautisha karate na judo, na sisi pia hatukutofautisha. Wenye karate walitoka salama. Wa judo walirudi wakishikilia bega la koti lililoachana na mkono.

Dawa ilipatikana kwa kujaribu. Sehemu ya juu ya koti huwekwa merikani mkunjo wa pili, kisha hupitishwa mistari ya cherehani inayokatizana. Kitambaa halisi cha Kijapani kimefumwa kwa vinundu kama punje za mchele, na vinundu hivyo ndivyo vinavyoipa nguo uzito na kuizuia isitatuke. Turubai ni gumu, lakini huchuna shingo. Kola hukunjwa tabaka kadhaa hadi ijae mkononi. Magoti yanataka kiraka kirefu, kutoka katikati ya paja mpaka chini ya goti. Kwapani ndipo koti hufia, basi hapo huwekwa kipande cha pembe nne na kushonwa mara mbili. Na pamba hunywea! Fua kitambaa kwa maji moto kabla ya kukigusa na mkasi, la sivyo koti la mtoto wa miaka kumi litarudi la mdogo wake.

Viwanda vya KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vilipozimika, mitumba ilishika soko, ndipo tukaanza kuona judogi, nguo halisi za judo. Zinatoka ndani ya robota pamoja na majaketi ya baridi, na mchuuzi asiyezijua huzitupa kwenye fungu la gauni za kuogea. Mwenye jicho anainunua kamera, yaani nguo ya daraja la kwanza, kwa bei ya shati. Pima hivi: koti lifunike makalio, mikono ifike kwenye kifundo cha kiganja na iache nafasi ya sentimita 10 hadi 15 ya kushikia. Upande wa kushoto uwe juu ya kulia, kwa wavulana na wasichana sawasawa, kwa sababu Japani upande wa kulia huwekwa juu kwa maiti. Mkanda huzunguka kiuno mara mbili, hufungwa fundo la bapa, na ncha zake huning'inia sentimita 20 hadi 30.

Sasa hizo rangi. Gunji Koizumi alifungua klabu ya Budokwai jijini London mwaka 1918, na rangi za mikanda zikaanza kutumika huko katika miaka ya 1920. Mikonosuke Kawaishi, aliyefika Paris mwaka 1935, ndiye aliyezisambaza: nyeupe, njano, machungwa, kijani, bluu, kahawia. Wazungu walitaka kuiona hatua yao kila baada ya miezi, na kwa watoto si wazo baya. Ngazi hizi za wanaoanza huitwa kyu, nazo huhesabiwa kurudi nyuma, kutoka ya sita hadi ya kwanza, ndipo dan zianze kupanda.

Kwetu Bukusu hakuna kupanda ngazi hivyo: mtu huingia rika lake kwa tohara ya Agosti, mwaka wa shufwa. Akiwa Maina ni Maina, akiwa Chuma ni Chuma, hakuna mtihani wa kumhamisha. Dan za Kano ni kinyume chake: mtoto wa maskini anaweza kumpita mtoto wa bwana mkubwa kwa kutoa jasho. Mpango huo ukigeuzwa kuwa duka la rangi, mwenye pesa ndiye atakayepanda.

Koti la bluu unaloliona kwenye televisheni ni jipya zaidi. Mholanzi Anton Geesink, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 1964, alilipendekeza mwaka 1986 ili waamuzi wasichanganye wachezaji, na likakubaliwa mwaka 1997 huku Wajapani wakinung'unika. Ni la mashindano makubwa, kama yale ya London mwaka 2012 alikocheza Mkenya Kiplangat Sang katika uzani wa kilo 90. Mtoto wa Kanduyi au wa Kitale anayejifunza kuanguka halihitaji.

Basi mzazi, ukija kibandani, leta kitambaa cha pamba kilichofuliwa, na mtoto mwenyewe pia nimpime. Mkanda mweupe nitamkatia kwenye masalio ya koti lake, bila malipo. Wa njano muulize mwalimu wake.