Jinsi uhuru wa mahakama unavyopimwa

MKAZI wa Suneka anayezozania mpaka wa shamba husafiri hadi mjini Kisii, iliko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anachohitaji huko ni jaji asiyemwogopa mwenye cheo, wala kumtegemea kwa riziki yake.

Wataalamu hupima uhuru huo kwa vipimo viwili: yale yaliyoandikwa katika sheria, na yale yanayotendeka. Mnamo 2003, Lars Feld na Stefan Voigt walilinganisha mataifa mengi, wakabaini kuwa ukuaji wa uchumi ulihusiana na uhuru wa vitendo, si wa maandishi.

Maswali makuu ni haya: Nani humteua jaji? Nani anaweza kumfuta? Je, mshahara wake unaweza kupunguzwa? Je, maagizo yake hutiiwa?

Nchini Kenya, majaji walipokonywa ulinzi wa kazi yao kupitia marekebisho ya Katiba mwaka wa 1988. Ulinzi huo ulirejeshwa 1990.

Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) hupendekeza majaji na Rais huwateua. Jaji hustaafu akiwa na umri wa miaka 70, na hawezi kuondolewa bila jopo maalumu kuchunguza madai dhidi yake. Kifungu cha 160 nacho kinalinda mshahara wake.

Hayo ni maandishi. Kwa vitendo, Kenya imeonyesha sura mbili.

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, ilibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26.

Hata hivyo, JSC ilipopendekeza majaji 41 mwaka wa 2019, Rais Kenyatta hakuwateua. Kati yao, 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama Kuu iliamua mwaka wa 2020 kuwa hakuwa na mamlaka ya kuwakataa, lakini aliteua 34 tu Juni 2021 na kuwaacha sita nje. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022.

Katiba ilikuwa ile ile muda huo wote. Kwa mwenye kesi ya shamba, kipimo cha kweli ni kama jaji ameapishwa, anasikiliza kesi na uamuzi wake unafuatwa.