Friji ya Mafuta ya Taa

Mamangu alikuwa nesi kwenye zahanati ya serikali upande wa Makindu, na akiingia zamu hakuanza na salamu. Alipiga magoti kwanza, akachungulia chini ya friji. Friji yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa. Ndiyo, moto ndio ulioleta baridi! Mpango wa kitaifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1980, zahanati nyingi za mashambani hazikuwa na stima, basi chanjo za watoto zikatunzwa hivyo, kati ya nyuzi 2 na 8. Moto ukiwa wa buluu, sawa. Ukiwa wa manjano, masizi yanaziba bomba, baridi inapotea, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wanarudi nyumbani bure.

Kwa hivyo nikisikia kwamba kubana nishati hospitalini ni jambo jipya, mimi hucheka. Mamangu alipima mafuta ya friji kwa kijiti.

Halafu ukaja mwaka 2000. Ukame uliokausha mahindi yetu ndio uliopunguza maji ya Mto Tana, na wakati huo zaidi ya nusu ya umeme wa Kenya ulitokana na nguvu za maji, hasa mabwawa ya mto huo: Kindaruma la 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981, Kiambere la 1988. Mto wenyewe unapita pembeni mwa Ukambani. Hebu fikiria: maji yanapita mlangoni kwetu, yanawasha Nairobi, na sisi wengi tunasoma kwa koroboi. Lakini mgao ulipoanza, giza lilitufikia sote.

Na Makindu ni mji wa barabara kuu. Majeruhi wa ajali ya lori usiku hawaulizi ratiba ya mgao. Hospitali ambako mamangu alikuwa amehamishiwa, sitaitaja, ilikuwa na jenereta, ila dizeli ilikuwa ya kuhesabu. Ikaletwa barua ya kuamuru taa zizimwe. Mama aliisoma akasonya.

"Taa moja ya tyubu ni wati 36," aliniambia. "Ile hita ya maji pale inakula elfu tatu. Nani mwizi hapo?"

Wakazima hita. Vyombo vya upasuaji, vilivyokuwa vikichemshwa mara tatu kwa siku mashine ikiwa nusu tupu, vikaanza kuchemshwa mara moja, mashine imejaa. Taa za wodi ya kujifungulia hazikuguswa. Hesabu hiyo haikutoka ofisi yoyote. Ilitoka kwa manesi waliowahi kuzalisha kwa tochi iliyoshikwa kwa meno.

Siku hizi sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na mvuke wa ardhini, hasa kule Olkaria, kwa hiyo ukame hautuzimi kama zamani. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 gridi ilianguka, karibu nchi nzima ikalala gizani. Na tangu 2013, afya ilipokabidhiwa kaunti, bili ya stima inakula kwenye mfuko uleule wa dawa na glavu.

Mama amestaafu. Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wake kuchanjwa, naye akaja. Friji ya siku hizi ni ya sola, haina hata betri. Jua linagandisha barafu ndani, barafu inashikilia baridi usiku kucha. Nesi kijana alimweleza vizuri sana. Mama akaitikia, kisha akapiga magoti polepole, akachungulia chini.